Kisukuma mjini Mwanza

Kisukuma ni lugha ya Kibantu yenye wasemaji wanaozidi milioni 5, wengi kuliko wa lugha nyingine yoyote ya kikabila Tanzania, lakini haina hadhi rasmi. Mabatini, kata ya Wilaya ya Nyamagana, salamu ya asubuhi, "mwangaluka", haiingii darasani: tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kisukuma si hata somo la hiari.

Sera ya Utamaduni ya 1997 ilihimiza watu wajivunie lugha za asili na kuziandikia kamusi na sarufi. Ni agizo jema, ila sera hiyo haikuzipa nafasi shuleni.

Hasara huonekana kwenye maandishi. Kisukuma kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Maandiko ya kanisa, ikiwemo Biblia kamili ya 1960, huweka alama juu ya i na u kutofautisha sauti hizo. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili pekee huzikuta alama hizo kama ugeni katika lugha ya bibi yake. Nje ya maandishi, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Kisesa, huhifadhi ngoma na mapokeo ya jamii hiyo.