Uwanja wa Ngoma na Vizazi vya Nakivale

Katika Kiswahili, neno ngoma hubeba maana tatu: ala inayopigwa, uchezaji wenyewe, na hadhara ya watu waliokusanyika kucheza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayesimulia historia ya ngoma hana budi kusimulia pia historia ya uwanja wake.

Tuanze na Burundi ya wafalme. Ngoma za mwami zilitunzwa mahali maalumu, kama pale Gishora karibu na Gitega, na koo zilizorithishana kazi hiyo. Wapigaji walijipanga nusu duara, ngoma moja ikawekwa katikati. Kila mmoja aliingia kwa zamu, akaipiga na kuruka, kisha akarudi nafasini. Kwa mpangilio huo, chipukizi alimtazama mkongwe, na mkongwe akampima chipukizi. Mwaka 2014 UNESCO iliutambua urithi huu. Hata hivyo, duara hilo halikuwa la wote: mwaka 2017 amri ya rais iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo.

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, imepokea wakimbizi tangu enzi za machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Wanyarwanda walipocheza wakiinua mikono mithili ya pembe za ng'ombe, wenyeji Wanyankole hawakushangaa, kwani nao katika ekitaguriro huinua mikono vivyo hivyo. Mfugo mmoja uliwapa mwenyeji na mgeni ishara moja. Watoto waliozaliwa ugenini walijifunza nchi wasiyoiona kwa kufuata hatua za wazee wao. Baadaye walikuja Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili kikawa daraja lao.

Leo familia hupimiwa kiwanja cha makazi. Uwanja wa ngoma haumo katika mgao huo. Katika sherehe rasmi, hema la wageni huwekwa mbele, vijana wakacheza wakilielekea, na wazee wakabaki nyuma ya umati. Hapo ngoma hugeuka tamasha la kutazamwa, nalo somo hupotea. Mzee akifariki, huzikwa na hatua ambazo hakuna mjukuu aliyezipokea.

Tiba yake haihitaji mali nyingi. Panahitajika ardhi tambarare, mti wa kivuli, na mikeka ya wazee iliyotandikwa kando ya wapigaji, wala si nyuma ya watazamaji. Saa iwe alasiri, wanafunzi wakiwa wametoka shuleni na giza halijaingia, ili bibi arudi kwake salama. Binti naye apewe zamu yake katikati.

Viongozi wa vijiji na kamati za wakimbizi wanapopima viwanja vya shule na zahanati, watenge pia duara hilo. Mcheza kwao hutunzwa. Basi asiye na kwao naye atengewe mahali pa kuchezea.