Bima ya ndege ndogo: zaidi ya karne ya kulipia ajali za wengine

Julai 1910, kwenye maonyesho ya urubani mjini Bournemouth, Uingereza, mkia wa ndege ya Charles Rolls ulivunjika hewani na ndege ikaanguka mbele ya watazamaji. Rolls, yule ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuungana na la Royce kwenye magari ya kifahari, alifariki akiwa na umri wa miaka 32. Alikuwa tajiri, alijua mitambo, na urubani aliufanya kwa mapenzi yake. Mwaka uliofuata, 1911, wakatia bima wa soko la Lloyd's jijini London waliandika hati yao ya kwanza ya bima ya ndege.

Ujasiri huo ulitokana na namna soko lile lilivyokuwa likifanya kazi. Dalali alizunguka na karatasi meza hadi meza akieleza hatari inayotafutiwa bima, na kila aliyeikubali alitia sahihi na kuandika asilimia aliyoibeba. Ndivyo meli zilivyokatiwa bima tangu siku za mkahawa wa Edward Lloyd, mwishoni mwa karne ya 17: chombo kikizama, hasara inawagusa wengi, hakuna anayefilisika peke yake. Lakini kwa meli walikuwa na kumbukumbu za miaka zaidi ya mia mbili. Kwa ndege hawakuwa na chochote, maana hata safari ya kwanza ya ndugu Wright ilikuwa ya Desemba 1903. Bei waliyotoza ilikuwa ya kukisia tu, na makisio yaliwaponza upesi. Mwaka 1912 hali mbaya ya hewa iliangusha ndege kwenye tamasha la urubani, madai yakaja, nao wakaacha kukatia ndege bima.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Ilipokwisha, dunia ilikuwa na marubani wengi wasio na kazi na ndege nyingi za jeshi zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Bima ikarudi, safari hii mikononi mwa watu waliojua kuruka. Marekani, marubani wawili wa vita, David Beebe na Reed Chambers, walianzisha kundi lao la kukatia ndege bima mwishoni mwa miaka ya 1920. Uingereza, jina lililotajwa zaidi ni la Kapteni A. G. Lamplugh, ambaye maneno anayosifiwa nayo kuhusu uzembe angani bado yanatundikwa kwenye kuta za vilabu vya urubani.

Mmiliki binafsi, mtu wa kawaida mwenye pesa kidogo ya ziada, alizaliwa hasa mwaka 1925. Ndipo kampuni ya de Havilland ilipotoa ndege ya Moth, yenye mabawa yanayokunjwa hata ikaingia kwenye banda dogo, na serikali ya Uingereza ikaanza kuvipa ruzuku vilabu vya kufundishia urubani. Mtindo huo haukuchelewa kufika kwetu. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi akiwa na Gipsy Moth, na uwanja wa ndege ndogo wa Wilson una jina lake hadi leo. Mei 1931 Gipsy Moth nyingine, ya mwindaji Denys Finch Hatton, ilianguka Voi mara baada ya kuruka, ikamuua yeye na mtumishi wake Kamau.

Ajali za namna hiyo ziliwafundisha wakatia bima jambo ambalo wamiliki wengi bado hawalipendi: ndege ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni rubani.

Chukua fomu ya maombi ya bima ya Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne ambayo zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Maswali ya ndege yenyewe ni machache: mwaka wa kutengenezwa, thamani, inalala bandani au imefungwa kamba uwanjani. Kisha maswali yanamgeukia mwenyewe. Ameruka saa ngapi maishani? Saa ngapi kwenye ndege ya aina hii? Miezi kumi na miwili iliyopita je? Ana leseni ya kuruka kwa vyombo, mawinguni, au ni mpaka aone ardhi? Alipimwa afya lini? Amewahi kupata ajali?

Majibu hayo huingia kwenye bima za aina mbili. Ya kwanza ni ya chombo chenyewe, na hutozwa kama asilimia ya thamani. Tuseme ndege ina thamani ya dola 100,000 na kiwango ni asilimia 1.5: kwa mwaka ni dola 1,500. Akija rubani mwenye saa chache na ndege ya magurudumu yanayokunjwa, kiwango kikafika asilimia 4, ni dola 4,000 kwa thamani ileile. Ya pili ni ya madhara kwa watu wengine, ile ambayo wenye magari Tanzania huiita bima ndogo. Marekani, sheria ya shirikisho haimlazimishi mmiliki binafsi kuwa nayo. Umoja wa Ulaya unamlazimisha: kwa kanuni ya mwaka 2004, ndege yenye uzito wa juu wa kuruka kati ya kilo 1,000 na 2,700 lazima iwe na kinga isiyopungua SDR milioni 3 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF).

Wengi hujaribu kupunguza gharama kwa kutaja thamani ya chini. Huo ni ujanja wa kujikaanga. Rubani akisahau kuteremsha magurudumu akatua kwa tumbo, huenda asiumie mtu. Lakini pangaboi imepinda, injini lazima ifunguliwe yote ikaguliwe, na mabati ya chini yamekwaruzika. Gharama ya matengenezo ikikaribia thamani iliyoandikwa kwenye hati, kampuni hulipa thamani hiyo na kuichukua ndege. Mmiliki hubaki na pesa isiyomtosha kununua nyingine.

Bei ya juu iliyoumiza zaidi ilitokea Kansas, jimbo la Marekani lenye makao ya Cessna, na mwanzoni haikumgusa mmiliki moja kwa moja. Watengenezaji wa Marekani waliuza ndege ndogo 17,811 mwaka 1978. Wakati huo kesi zilikuwa zikiongezeka: ndege ya miaka thelathini ikianguka, familia humshtaki aliyeitengeneza. Bima ya kampuni dhidi ya kesi hizo ikapanda, ikaongezwa kwenye bei ya kila ndege mpya, na wanunuzi wakakimbia. Mwaka 1986 Cessna iliacha kutengeneza ndege zake za injini moja za pistoni. Mtengenezaji mwingine, Piper, aliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 1991. Kufikia 1994 mauzo ya nchi nzima yalikuwa 928.

Agosti mwaka huo Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria inayozuia, isipokuwa katika hali chache, kumshtaki mtengenezaji kwa ndege ndogo iliyozidi miaka 18. Cessna ikafungua kiwanda kipya Independence, Kansas, na 172 ikarudi. Lakini pengo la miaka kumi halikuzibika. Anga bado limejaa ndege za miaka ya 1970, vipuri vyake ni ghali, na ughali huo huingia kwenye bima.

Halafu kuna mambo ambayo hayamhusu mwenye ndege ndogo kabisa, ila analipa. Baada ya Septemba 11, 2001, wakatia bima walitoa notisi ya siku saba na kufuta kinga ya vita kwa ndege duniani kote. Oktoba 2018 na Machi 2019 ndege mbili za Boeing 737 Max ziliua watu 346. Ya pili, ya Ethiopian Airlines, ilikuwa ikija Nairobi na ilikuwa na Wakenya 32. Kampuni za bima nazo hujikatia bima, na mara nyingi mfuko unaolipia Boeing ndio unaobeba na Cessna ya mkulima. Miaka mingi ya bei za kugombania wateja ilikwisha, baadhi ya kampuni zikajitoa, na waliobaki wakapandisha. Wamiliki wasio na ajali hata moja waliona ankara zao zikipanda, na marubani waliopita miaka 70 wengine walikosa wa kuwakatia.

Ukialikwa kiti kwenye ndege ya rafiki, kumbuka kwamba hati nyingi hutaja ni rubani gani anayeruhusiwa kuirusha na awe na saa ngapi; akiirusha asiyetimiza, kampuni inaweza kukataa kulipa. Marekani hati nyingi za dola milioni moja huweka kikomo cha dola 100,000 kwa kila abiria. Kabla ya kufunga mkanda, muulize mwenye ndege nani ameandikwa kuirusha na abiria amekatiwa kiasi gani.