Kukwama kwa video ya HD kwenye kompyuta

Kukwama kwa video ya HD ni hali ya picha kurukaruka, kuganda au kuachwa nyuma na sauti pale video yenye ubora wa juu inapochezwa kwenye kompyuta. HD ni kifupi cha video yenye kimo cha pikseli 720 au zaidi. Iliyozoeleka ni 1080p, yaani pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Tatizo hili huonekana zaidi kwenye kompyuta za zamani, zikiwemo zile zinazouzwa zikiwa zimeshatumika. Wenye nazo mara nyingi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa cha intaneti au kuongeza RAM, na fedha hiyo hupotea bure ikiwa chanzo ni kompyuta kushindwa kusimbua video.

Kazi ya kusimbua

Video ni mfululizo wa picha tuli, ziitwazo fremu, zinazoonyeshwa haraka hadi jicho likaona mwendo: fremu 24 kwa sekunde kwa filamu za sinema, 25 au 30 kwa televisheni, na 60 kwa baadhi ya video za simu na za michezo. Fremu moja ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikipewa baiti 3, sekunde moja ya fremu 25 ingechukua megabaiti 155 hivi, na filamu ya dakika 90 ingejaza gigabaiti 840. Kwa hiyo video hubanwa kabla ya kuhifadhiwa. Filamu hiyohiyo ikibanwa kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde hubaki na gigabaiti 5.4 tu.

Kanuni za kubana huitwa kodeki. Kodeki haihifadhi kila fremu kamili: huhifadhi chache zikiwa kamili, na kwa nyingine hueleza tu kilichobadilika. Wakati wa kucheza, kompyuta inapaswa kuzijenga upya zote, kila moja ndani ya milisekunde 40 ikiwa ni fremu 25 kwa sekunde. Kazi hiyo ndiyo kusimbua, na ni ileile inayofanywa na kisimbuzi cha televisheni. Kompyuta ikichelewa haiwezi kuruka fremu yoyote itakayo, maana nyingi kati ya zinazofuata huitegemea hiyo iliyorukwa.

Kutambua chanzo kwa kusikiliza sauti

Kusimbua sauti ni kazi ndogo sana ukilinganisha na picha, na programu nyingi za kucheza video hufuata saa ya sauti. Hivyo sauti ikiendelea vizuri huku picha ikirukaruka, data inafika ila haisimbuliwi kwa wakati. Sauti na picha zikisimama pamoja, kisha zikaendelea pamoja, data ndiyo inayochelewa kufika, iwe inatoka kwenye intaneti au kwenye diski.

Kushusha ubora hadi 360p, jaribio ambalo wengi hulifanya kwanza, hakutenganishi vyanzo hivyo viwili, kwa kuwa hupunguza mzigo wa intaneti na wa kusimbua kwa pamoja. Jaribio lenye maana ni kucheza faili la 1080p lililokwisha kuhifadhiwa ndani ya kompyuta, lenye kodeki ileile, huku intaneti imezimwa. Likikwama hivyohivyo, mtoa huduma wa intaneti hana kosa.

Programu ya VLC huonyesha jina la kodeki pamoja na idadi ya fremu zilizopotea ukibonyeza Ctrl na J. Kwenye YouTube, kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video huleta orodha ambayo mstari wake wa mwisho hufungua dirisha la takwimu. Humo "avc1" ni H.264, "vp09" ni VP9 na "av01" ni AV1.

Kodeki na umri wa prosesa

H.264 ilitolewa mwaka 2003, HEVC, yaani H.265, na VP9 mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018. Kila kodeki mpya hubana zaidi ya iliyotangulia, na gharama yake ni hesabu nyingi zaidi wakati wa kusimbua. Ili prosesa isielemewe, watengenezaji huweka ndani ya chipu sehemu maalumu ya kusimbua. Sehemu hiyo hufahamu kodeki ilizotengenezewa tu. Faili la kodeki ngeni hurudishwa kwa prosesa ifanye kazi yote peke yake.

Kwa prosesa za Intel Core, usimbuaji wa H.264 ndani ya chipu umeenea tangu zile za mwaka 2011. HEVC ya kawaida ilikuja na kizazi cha 6, HEVC ya biti 10 pamoja na VP9 kamili na kizazi cha 7, na AV1 na kizazi cha 11 cha mwaka 2020. Kizazi husomwa kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza kwa vizazi vya 10 na kuendelea. Hapo ndipo wanunuzi wengi huponzwa na jina. Laptopu ya Core i5-3320M huuzwa kwa kusifiwa ile i5, lakini ni ya kizazi cha 3. Mbele ya faili la HEVC la biti 10 itahema, ilhali i3-7100U ya kizazi cha 7 italicheza bila jasho.

Hali hii hujitokeza pia kwa video za nyumbani. Simu za iPhone kuanzia iPhone 7, zikiwa na iOS 11 ya mwaka 2017 au mpya zaidi, hurekodi kwa HEVC katika mpangilio wake wa kawaida. Video ya harusi iliyo laini kwenye simu huweza kukwama kwenye kompyuta ya familia, nayo faili likadhaniwa kuwa bovu. Ndani ya mipangilio ya kamera kuna sehemu ya miundo inayoruhusu kurekodi kwa H.264 badala yake.

YouTube hutuma zaidi VP9 na AV1. Kiendelezi cha kivinjari kiitwacho h264ify huilazimisha itume H.264, ambayo huko huishia 1080p. Kwa laptopu yenye skrini ya 1366 kwa 768 hata hiyo ni nyingi kupita inavyohitajika: 720p inatosha, na tofauti haionekani kwa urahisi.

Draiva

Chipu inaweza kuwa na uwezo wote huo na usitumike. Hutokea sana baada ya Windows kupigwa upya na fundi akaondoka bila kuweka draiva ya kadi ya picha. Katika orodha ya vifaa vya kompyuta, sehemu ya kadi ya picha huwa na jina la jumla la Microsoft mahali pa Intel, AMD au NVIDIA. Kuweka draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji hakugharimu kitu, na hufaa kufanywa kabla ya ununuzi wowote. Vilevile Chrome ina swichi ya kutumia kadi ya picha kwenye mipangilio ya mfumo. Ikiwa imezimwa, prosesa hubeba mzigo peke yake.

RAM ina nafasi ndogo katika jambo hili. Gigabaiti 4 hutosha kucheza 1080p iwapo kivinjari hakijafunguliwa kurasa ishirini.

Joto na umeme

Video inayoanza vizuri na kuanza kukwama baada ya dakika kumi huashiria joto. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Vumbi kwenye feni husafishwa kwa kipulizio, na kwa mashine ya miaka mingi pasta ya kupitisha joto juu ya prosesa hubadilishwa. Laptopu inayotumia betri, au iliyochomekwa chaja isiyo yake, nayo huweza kujipunguzia kasi.

Diski

Diski ya kawaida yenye afya husoma makumi ya megabaiti kwa sekunde, wakati 1080p huhitaji moja au mbili, kwa hiyo kasi ya diski si tatizo mara nyingi. Diski inayokufa ni jambo jingine. Sauti na picha zikisimama kila mara mahali palepale, na kunakili faili hilo kukaganda vilevile, zoezi la kutafuta chanzo cha video kukwama linapaswa kusimama hapo na nyaraka, picha na kazi nyingine zihamishiwe mahali salama kwanza, hasa diski ikiwa inatoa mlio wa kugonga.

Mruko usio kasoro

Skrini nyingi za kompyuta hujichora mara 60 kwa sekunde. Filamu ya fremu 24 haigawanyiki sawasawa humo, hivyo fremu moja hukaa mara mbili na inayofuata mara tatu. Kwa fremu 25, ambazo ndizo za matangazo ya televisheni ya Afrika Mashariki, mpangilio huwa 2, 2, 3, 2, 3. Jicho huliona hilo kamera inapogeuka polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna fremu inayopotea na hakuna kifaa cha kubadilisha, ingawa baadhi ya skrini hukubali kuwekwa mara 50 na mruko wa fremu 25 ukaisha.

Kubadili faili

Kompyuta isipokuwa na uwezo wa kusimbua kodeki fulani, faili linaweza kugeuzwa kuwa H.264 ya 1080p au 720p kwa programu ya bure kama HandBrake au FFmpeg. Mwalimu mwenye projekta na laptopu kuukuu hufanya vyema kulifanya hilo usiku wa kuamkia somo, kwani kwenye mashine ileile dhaifu kazi huweza kuchukua saa nyingi kuliko urefu wa video yenyewe. Ubora hupungua kidogo kila faili linapobanwa upya, kwa hiyo faili asilia halifutwi.