Sikio la Mwanafunzi: Kutoka Santuri hadi Intaneti

Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa kitabu peke yake aghalabu hupatwa na fedheha ya namna moja. Husoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini mwenye lugha akitamka sentensi mbili, haambulii kitu. Kwa msemaji wa Kiswahili sababu yake ni dhahiri. Silabi za Kiswahili husikika karibu zote, na mkazo hukaa kwa kawaida katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza hutia nguvu silabi chache na kuzimeza nyingine, hata maneno matatu yakasikika kama moja. Jicho huona nafasi baina ya maneno; sikio halizipati. Historia ya vyombo vya sauti katika kujifunza lugha hiyo ni historia ya jitihada ya kuondoa fedheha hii.

Katika mwaka wa 1877 Thomas Edison wa Marekani alibuni fonografu, chombo kilichoweza kunasa sauti ya mtu na kuirudia. Mwaka 1901 kampuni ya Linguaphone ilianzishwa London, ikauza masomo ya lugha yaliyonaswa. Faida ilikuwa kubwa, kwa maana mwalimu wa santuri hachoki wala hakasiriki akitakiwa kurudia mara mia. Lakini santuri ilikuwa mali ya wenye uwezo, na sauti zake zilikuwa za wasomi wachache. George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia, aliirekodia kampuni hiyo mwaka 1927. Aliwaonya wasikilizaji kwamba hakuna Kiingereza kimoja kilicho sahihi kwa wote, na kwamba yeye mwenyewe hasemi na mkewe kama asemavyo mbele ya hadhara.

Redio iliifikisha sauti kwa wengi zaidi. BBC ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili vikiwa vingali vikipiganwa. Tarehe 19 Oktoba 1959 Sauti ya Amerika ikaanzisha matangazo ya Kiingereza kilichorahisishwa: maneno yapatayo 1,500, sentensi fupi, na mwendo wa kiasi cha theluthi mbili ya mwendo wa kawaida. Wasio na mwalimu walipata mlango. Hata hivyo redio haikumngoja mtu. Neno lililopita lilikuwa limepita. Tena aliyezoea mwendo wa pole aliweza kupotea mara tu akutanapo na watu wasemao upesi.

Intaneti imeunganisha neema hizo mbili, marudio ya santuri na upana wa redio. Mfano mmoja ni LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambako watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu ambavyo haki zake za kunakili zimekwisha, na yeyote huweza kuvichukua bila malipo. Wasomaji hao wametoka nchi mbalimbali, kila mmoja na lafudhi yake, kana kwamba onyo la Shaw limepata ushahidi.

Basi mamlaka juu ya mwendo wa sauti yamehama kutoka kwa mtangazaji yakamwangukia mwanafunzi. Mamlaka hayo yana hatari yake. Awezaye kupunguza mwendo huenda asiuongeze kamwe. Aliye na maandishi mbele yake hulirudishia jicho kiti chake cha enzi, na sikio likabaki mtumwa. Wako pia waachao sauti ivume chumbani huku fikra ziko kwingine. Dawa yake ni ya zamani kuliko intaneti, nayo ni imla: kusikiliza kifungu kifupi bila maandishi, kuandika kilichosikika, kulinganisha na matini, kutia alama pale sikio lilipodanganyika, kisha kusikiliza tena kwa mwendo wa asili.

Chombo kimebadilika kutoka santuri hadi simu ya mkononi. Kazi hiyo haikubadilika, wala hakuna chombo kilichopata kuifanya kwa niaba ya mtu. Kusikia ni kipawa, bali kusikiliza ni kazi.