Rufaa: kushindwa au kutupwa?

Tanzania husema Mahakama ya Rufani, Kenya Mahakama ya Rufaa. Shina ni la Kiarabu, maana yake kuinua: shauri hupandishwa kwa majaji wa juu. Lakini magazeti yetu huandika "ameshindwa rufaa" hata pale shauri lisipoamuliwa, na hilo linaniudhi.

Tofauti inaonekana katika kisa hiki: mwaka 1867, huko Vicksburg, Mississippi, jeshi la Marekani lilimkamata mhariri William McCardle kwa makala zake kali dhidi ya utawala wa kijeshi uliowekwa Kusini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Rufaa yake ilisikilizwa na Mahakama ya Juu Machi 1868. Kabla ya hukumu, Bunge likafuta sheria iliyoipa mahakama hiyo mamlaka ya kuisikiliza, licha ya kura ya turufu ya Rais Andrew Johnson. Mwaka 1869 Jaji Mkuu Salmon Chase akatamka kuwa bila mamlaka mahakama haiwezi kuendelea.

Siasa za McCardle sizitetei. Hata hivyo, hoja zake hazikuamuliwa kabisa. Waandishi wenzangu, rufaa ya namna hiyo tuandike "imetupwa".