Ubora wa mmea-chakula kwa viwavi

Ubora wa mmea-chakula ni kadiri majani yanavyompa kiwavi nitrojeni, maji na ulaini bila sumu nyingi. Nitrojeni ndiyo haba zaidi: mwili wa mdudu una takriban asilimia 7 hadi 14 kwa uzito mkavu, ilhali majani mengi hayafiki asilimia 5. Ndiyo maana majani machanga, yenye nitrojeni nyingi zaidi, hugombewa. Yaliyokomaa ni magumu, na taya za kiwavi aliyeanguliwa karibuni haziyawezi. Wengi hufa katika siku hizo za mwanzo.

Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, mwenye asili ya Amerika na aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016, ni mfano mzuri. Hujichimbia katika moyo wa mhindi, penye majani laini kuliko yote. Mhindi hujihami kwa kemikali iitwayo DIMBOA, lakini kiwavi huyu huiunganisha na sukari tumboni na kuipunguza makali. Kwenye mmea duni kiwavi hukua polepole, hivyo nyigu na ndege hupata muda mrefu zaidi wa kumwinda. Akinusurika, huwa pupa ndogo, na nondo jike mdogo hutaga mayai machache.