Wapanda Farasi wa Numidia na Mgongo Usio na Tandiko

Numidia, nchi ya kale ya Afrika ya Kaskazini iliyoenea katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Algeria na sehemu ya Tunisia, ilipata sifa katika karne ya 3 KK kutokana na askari wake waliopanda farasi bila tandiko, yaani kile kiti cha ngozi kinachofungwa mgongoni mwa mnyama, na bila lijamu, yaani chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi ili hatamu ziweze kumzuia. Wagiriki na Warumi wa zama hizo nao hawakuwa na vikuku vya kukanyagia, na wengi wao walikalia kitambaa kilichofungwa mgongoni mwa farasi, kwa hiyo kilichowashangaza zaidi ni kile kinywa kitupu cha farasi wa Kinumidia. Mtu angeweza kudhani kwamba huo ulikuwa ufukara tu, dai ambalo ni vigumu kulikubali, kwa kuwa Wanumidia walipakana na mji tajiri wa Karthago, ambako vifaa vya farasi havikuwa kitu kigeni, na wafalme wao walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa na picha ya farasi akienda shoti.

Sababu inayoelekea zaidi kuwa ya kweli imo katika namna yao ya kupigana. Mpanda farasi wa Numidia alibeba ngao ndogo na mikuki myepesi ya kurusha, akamwendea adui kwa kasi, akarusha, akageuka kabla hajafikiwa, kisha akarudi tena pale adui alipochoka kumfukuza. Vita vya namna hiyo havikuhitaji mtu aliyeganda mgongoni mwa farasi ili ahimili kishindo cha kugongana, bali vilihitaji mnyama mwepesi anayegeuka papo kwa papo na mtu asiyepoteza muda kumtayarisha. Alfajiri moja ya Desemba mwaka 218 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago, aliwatuma Wanumidia wake kuvuka mto Trebia huko Italia na kuichokoza kambi ya Warumi, nao Warumi wakatoka mbio kabla ya kula, wakavuka maji ya baridi kali wakiwafuata, na wakafika ng'ambo wakiwa wamekwisha kuishiwa nguvu.

Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 1 BK, anaeleza kwamba farasi wa nchi hiyo walikuwa wadogo lakini wenye mbio, kwamba waliongozwa kwa kijiti, na kwamba shingoni walivishwa ukanda wa nyuzi za mimea au wa singa, ambao ndio uliobeba kigwe. Anaongeza kwamba baadhi ya farasi hao waliwafuata watu bila kuvutwa, kama mbwa. Maelezo hayo yanastahili uzito kuliko sifa zote za kivita, maana farasi mwenye damu moto hafuati mtu asiyemzoea, na mazoea hayo hayapatikani kwa mwezi mmoja wala miwili. Syphax, mfalme wa Wanumidia wa magharibi, alipowaomba Warumi mkufunzi wa askari wa miguu mwaka 213 KK, alieleza kwamba watu wake walijua vita vya farasi tu, kwa kuwa ndivyo walivyopigana wahenga wao tangu asili na ndivyo walivyozoezwa wao tangu utotoni.

Mtu anayekalia mgongo mtupu huhisi kila msuli wa mnyama unavyojikaza kabla ya kuruka au kugeuka, na farasi naye huhisi hofu ya mpandaji wake kupitia mapaja. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa mwanagenzi anayeogopa hubana kwa magoti, na farasi mkali huuelewa mbano huo kuwa ni amri ya kwenda mbio zaidi, hivyo woga wa kuanguka ndio unaoleta anguko lenyewe. Xenophon, Mwathene wa karne ya 4 KK aliyeandika kitabu kuhusu upandaji farasi, alikwisha kuonya kwamba mpandaji, awe juu ya mgongo mtupu au juu ya kitambaa, asikae kama aliye kitini, bali awe kama mtu aliyesimama wima huku ametanua miguu, na kuanzia magotini kwenda chini aiache miguu ining'inie bila kukazwa.

Kwa Wanumidia, hata kuanguka kwenyewe kulikuwa sehemu ya ustadi. Mwanahistoria wa Kirumi Livius anasimulia kwamba mwaka 193 KK jeshi la konsuli Quintus Minucius, mmoja wa watawala wawili waliochaguliwa kila mwaka, lilinaswa katika njia nyembamba ya milima ya Liguria, kaskazini mwa Italia, likiwa na wapanda farasi wa Numidia wapatao 800. Hao walitoka kambini bila kumshambulia yeyote, wakawa wanarandaranda mbele ya walinzi wa adui. Livius anawaeleza kwa dharau isiyofichika: watu na farasi wote wadogo na wembamba, wapandaji bila mikanda na bila silaha isipokuwa mikuki, farasi bila lijamu, na mwendo wao wenyewe ukichukiza, shingo imekakamaa na kichwa kimenyooshwa mbele. Wakaanza kujiangusha kutoka migongoni makusudi. Waliguria waliokuwa wameshika zamu wakaacha silaha, wakakaa kutazama mchezo na kucheka, huku wapandaji wakisogea kidogo kidogo kana kwamba farasi wamewashinda nguvu, mpaka walipofika karibu kabisa na mwanya wa njia, wakawatia farasi wao mbio, wakapenya, na kuanza kuvichoma moto vijiji vilivyokuwa nyuma. Waliguria walilazimika kuuacha mzingiro na kukimbilia makwao.

Huenda Livius ametia chumvi mahali fulani, lakini kiini cha mbinu kinaaminika, kwa sababu hakuna awezaye kuigiza anguko mbele ya adui, bila kuvunjika shingo na bila kumpoteza farasi wake, isipokuwa aliyeanguka mara nyingi tangu angali mtoto. Farasi mdogo alisaidia pia, kwani anguko lilikuwa fupi na kupanda tena kulihitaji mruko mmoja tu. Livius huyohuyo anataja, katika habari za vita vya Hispania mwaka 215 KK, Wanumidia waliokwenda na farasi wawili wawili, na waliokuwa na desturi ya kuruka na silaha zao kutoka kwa farasi aliyechoka hadi kwa mwenzake katikati ya pigano, jambo linalodai utiifu wa farasi kuliko nguvu za mtu.

Mfano uliokamilika zaidi ni Masinissa, mfalme aliyeziunganisha sehemu mbili za Numidia na ambaye wapanda farasi wake 4,000, safari hii wakiwa upande wa Warumi, walichangia sana kumshinda Hannibal huko Zama mwaka 202 KK, pale waliporudi kutoka kuwafukuza wapanda farasi wa upande wa pili na kuwapiga askari wa miguu wa Hannibal kwa nyuma. Appianus, mwanahistoria wa karne ya 2 BK, anasema kwamba mfalme huyo alipopigana na Karthago akiwa na umri wa miaka 88 alikuwa bado akipanda farasi bila tandiko, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Alifariki mwaka 148 KK, akiwa na umri wa karibu miaka 90.

Mtindo huo haukutoweka pamoja na dola yake. Katika Mnara wa Kaisari Trajanus uliozinduliwa Roma mwaka 113 BK wamechongwa Wamauri, majirani wa Wanumidia upande wa magharibi, wakiwa wamesokota nywele, wakienda shoti juu ya migongo mitupu dhidi ya Wadacia, maadui wa kaisari huyo. Tandiko lenye fremu na vikuku lilienea Afrika ya Kaskazini karne nyingi baadaye, na leo farasi wa Kibarbari, jamii ya farasi wa maeneo hayohayo, hutandikwa tandiko lililoinuka mbele na nyuma, lenye vikuku vipana, katika tbourida, yaani maonyesho ya Morocco ambamo safu ya wapandaji hukimbia bega kwa bega na kufyatua bunduki kwa mshindo mmoja. Bunduki ndefu hutaka mikono miwili na mpandaji anayeweza kusimama juu ya vikuku farasi akiwa katika mbio zake zote, ilhali mkuki wa kurusha ulitosheka na mkono mmoja.